Hema la Theluji Ufukweni

Fuko la hema la bei nafuu huwa na maneno machache na picha moja. Maneno ni "watu 4" na "mm 2000". Picha, mara nyingi, ni ya mlima wenye theluji, misonobari miwili mitatu, na hema la rangi ya chungwa lililofungwa zipu mpaka juu. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kulala Jumamosi moja ufukweni Bagamoyo hutazama bei, huuliza kama linavuja, hulitia kwenye buti la gari na kushika njia ya Tegeta, Bunju na Mapinga. Ile picha haitazami. Angeitazama vizuri angejua mapema kitakachomkuta saa nane za usiku, maana picha inamtaja waziwazi mtu ambaye hema lile lilitungwa kwa ajili yake: mtu anayeogopa baridi.

Shuleni tulifundishwa kutenga fani na maudhui, kurasa mbili hivi kwa kila moja, na mwalimu akatoa alama. Hema halikubali mgawanyo huo. Halina ujumbe wowote nje ya fito, kitambaa, zipu na mshono. Ukitaka kujua linasema nini, uliza kila kipande kinafanya kazi gani na kinamfanyia nani. Ninalolisoma hapa ni lile la kawaida kabisa, linalouzwa Kariakoo na kwingineko kwa majina tofauti bila ya kubadilika sana: fito mbili za faiba zinazopishana kileleni, chumba kimoja cha poliesta kilichoshonwa pamoja na sakafu ya plastiki, mlango mmoja, na kipaa kidogo kinachovishwa juu ya kilele. Upana wake sentimita 210 kwa 240, kimo chake katikati 130.

Umbo hili lina nasaba, na nasaba yake haikupitia hapa. Mahema yaliyopitia hapa yalikuwa ya turubai zito la pamba au katani, yenye mgongo mmoja juu na mbavu mbili zinazoteremka, kama yale ya misafara ya karne ya 19. Mwanahabari Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta mmisionari Livingstone mwezi Machi 1871, masika yakiwa mlangoni, na kila kilichokwenda bara kilikwenda juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, hivyo hema la bwana mkubwa lilikuwa kwanza hesabu ya mabega ya watu na baadaye ndipo likawa nyumba. Kuba la fito zinazopinda ni jambo la juzi. Mwaka 1955 msanii wa Marekani, Bill Moss, alibuni hema la fito laini lililoinuka lenyewe bila nguzo ya katikati, na mwaka 1975 kampuni ya The North Face ikatoa hema lililoitwa Oval Intention, lililosanifiwa kwa jiometri ya makuba ya msanifu Buckminster Fuller. Kuanzia hapo kuba likawa hema la wapanda milima: jepesi kwa sababu mwenyewe ndiye mpagazi, duara kwa sababu ya upepo mkali, lililofungika kila upande kwa sababu ya theluji. Hema letu la Kariakoo ni mjukuu wa hilo.

Kuna kinaya kidogo hapa ninachokipenda. Moss alikuwa mchoraji wa Ford Times, jarida la kampuni ya magari ya Ford. Kuba, kwa hiyo, lilizaliwa jirani na gari, likapanda mlimani, likajifunza kujifunika gubigubi, kisha likarudi kwetu likiwa limesahau kwao.

Sasa lisome likiwa Bagamoyo. Gari limekwisha kufuta sharti la wepesi: hema la kilo 4 na la kilo 9 ni sawa tu kwa Noah au IST inayokwenda mwendo wa saa moja na nusu. Hali ya hewa imefuta sharti la baridi. Usiku wa Februari kwenye mwambao huu mara nyingi joto haliteremki chini ya nyuzi 24 au 25, na hata Julai, kusi likivuma, shuka na kikoi vinatosha. Linabaki umbo ambalo sababu zake mbili kubwa zimeondoka. Mhakiki akikuta vina vimepangwa kwa ajili ya wimbo ambao hauimbwi tena, huuliza vinayafanyia nini sasa masikio ya msikilizaji. Hapa hatuhitaji hata kuuliza, tutaona jasho.

Anza na kipaa, kwa sababu ndicho kilichoamua mambo yote mengine. Katika hema la mlimani, paa la nje hushuka mpaka karibu na ardhi. Ndani yake kuna chumba cha pili, chepesi, kinachopumua, na kati ya vitambaa viwili hewa hupita. Mtengenezaji wa hema rahisi amelikata paa hilo likabaki kipaa kinachofunika kilele tu. Amepunguza mita kadhaa za kitambaa na bei imeshuka. Lakini mkato huo hauishii juu. Kwa kuwa kuta hazina tena kinga, lazima zenyewe zizuie mvua, basi zimepakwa utando wa plastiki. Kwa kuwa zimepakwa utando, hazipumui. Kwa kuwa hazipumui, njia pekee ya hewa kutoka ni kile kipande cha neti kileleni, ambacho kipaa kimekikalia karibu mno. Mkasi mmoja umepita juu, na matokeo yake yamemfikia aliyelala chini.

Kinachotokea usiku ni hiki. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi hata kabla hujaingia na kupumua humo. Mbingu ikiwa safi, kitambaa chembamba hupoteza joto lake haraka kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu hugeuka maji juu yake, ndani na nje. Alfajiri mtu anapapasa ukuta, unalowa mkono, anaapa kwamba hema linavuja. Mvua haikunyesha. Akirudi dukani kulalamika, muuzaji atamwonyesha "mm 2000" kwenye fuko, na atakuwa na haki yake.

Namba hiyo ni ya kweli, ila inajibu swali dogo. Kitambaa kimewekwa chini ya bomba la maji, maji yakapanda hadi mita 2 kabla hayajaanza kupenya. Kwa paa, hiyo inatosha na kubaki. Kwa sakafu, ambako goti au kiwiko hubana kitambaa juu ya mchanga uliolowa, ni vizuri ikizidi. Lakini hakuna namba inayopima mishono, na maji huingilia mshononi. Wala hakuna namba ya hewa. Fuko la hema lingekuwa na maneno "upana wa neti" badala ya milimita za maji, watu wa mwambao tungenunua tofauti kabisa.

Kuhusu "watu 4", mwenye kujua mbinu za kifani ataitambua mubalagha anapoiona. Sentimita 240 ukizigawa kwa watu wanne, kila mmoja anapata 60: nusu ya godoro la futi 4 kwa 6, bila begi, bila viatu, bila mtoto anayelala kama saa inayozunguka. Njia ya uaminifu ya kulipima hema ni kwa godoro lako mwenyewe, maana kwenye gari hutabeba mkeka wa mpanda mlima, utabeba godoro la nyumbani. La 5 kwa 6 lina sentimita kama 150 kwa 180. Ndani ya hema hili litaingia, na pembeni itabaki nafasi ya mtoto mmoja au mabegi. Kwa hiyo soma "watu 4" kama watu wawili na vitu vyao. Kimo cha sentimita 130 nacho kisomwe: huwezi kuvaa suruali ukiwa wima, na anayetaka kuswali alfajiri ataswali nje, jambo ambalo ufukweni si hasara.

Mlango ndio mahali ambapo naona umbo hili limekosa zaidi. Mchana upepo hutoka baharini. Usiku, nchi kavu ikishapoa kuliko maji, mara nyingi upepo hugeuka na kutoka bara, nao wavuvi wa ngalawa huutegemea kwenda baharini kabla ya mapambazuko. Mtu hufungulia mlango baharini, kwa sababu ya mandhari na kwa sababu mchana aliona upepo ukija huko. Saa sita usiku upepo umehamia mgongoni mwa hema, ambako kuna ukuta mtupu. Mlango mmoja bila dirisha mkabala wake ni nusu ya sentensi.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita unayoikuta Bagamoyo na Kariakoo ya zamani, ilikwisha kulitatua hili kwa njia rahisi: ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele, palipo na baraza, mpaka uani. Milango miwili ikiwa wazi, upepo una njia, uwe unakuja au unakwenda. Ndicho kipimo ninachokitumia dukani. Nasimama mlangoni mwa hema lililotandazwa na kutazama ukuta wa pili. Nikiona neti pana, karibu upana wa mlango wenyewe, naendelea kusoma. Nikiona kidirisha cha ukubwa wa kitabu, au kibao cha plastiki angavu kisichofunguka kilichowekwa kwa ajili ya urembo, nalirudisha hata kama bei inanishawishi. Milango miwili inayotazamana ni bora zaidi, na kwa bahati nzuri haiongezi sana bei.

Neti yenyewe iinue kwenye mwanga. Kwa mbu karibu kila neti inatosha. Kwa usubi wa kwenye mikoko, kama upande wa mdomo wa mto Ruvu au karibu na wangwa wa Mlingotini, matundu ya kawaida ni kama mlango wazi. Neti yenye matundu madogo sana huzuia usubi na pia hupunguza upepo. Hapo hakuna jibu moja. Mimi huchagua upepo, na jioni hukaa mbali na mikoko.

Kuna umbo jingine la kulala ufukweni ambalo halina fuko wala picha. Wavuvi wanaokwenda dago, wakihama kwao kwa wiki au miezi kufuata samaki, hujenga kambi kwa kile kilichopo: fito, kamba, makuti, tanga kuukuu au turubai. Ukilichambua dago utaona mpangilio wake umepinduka ukilinganisha na hema letu. Paa huja kwanza, na huwa pana kuliko mahali pa kulala. Ukuta huja baadaye, tena upande wa upepo mkali tu, na huondolewa msimu ukigeuka. Sakafu ni mchanga. Chandarua hufungwa chini ya paa, peke yake. Kila kazi ina kipande chake: kivuli ni cha paa, mbu ni wa chandarua, upepo ni wa makuti. Hema rahisi limezikabidhi kazi zote tatu kwa kitambaa kimoja, na ndiyo maana kinazifanya zote nusunusu.

Kutokana na dago napata namna ya kulinunua hema, na ndiyo rai yangu kubwa katika uhakiki huu. Usilinunue kama nyumba. Linunue kama chandarua chenye sakafu, kisha ununue turubai la mita 4 kwa 5 na kamba, ulitandaze juu yake bila kuligusa, nusu mita au zaidi kutoka kileleni. Turubai likichukua mvua na jua, kile kipaa kidogo unaweza kukiacha kwenye fuko usiku usio na mawingu, na neti ya kileleni ikawa wazi kabisa. Kasoro kubwa ya umbo inageuka kuwa faida, kwa kuwa hema la kipaa likivuliwa kipaa huwa na neti pale hasa joto linapopanda. Na hapa gari linaingia kwenye utunzi. Kamba mbili za turubai zifungwe kwenye reli za juu ya gari, mbili kwenye fito au nguzo za miti. Gari linakuwa nguzo, linakuwa ukuta wa upande wa kusi mwezi wa Julai, na mlango wake wa nyuma ukiinuliwa unakuwa jiko. Mpanda mlima hana kitu kama hicho, ndiyo maana hema lake lazima lijitosheleze. La kwetu halina sababu ya kujitosheleza.

Kivuli ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Pwani hii inatazama mashariki. Jua linatoka baharini na kulipiga hema usoni bila mti wala kilima kati yao. Saa mbili na nusu asubuhi kuba lililofungwa limekwisha kuwa halikaliki, na aliyekesha akizungumza pembeni ya moto anafukuzwa na joto. Watu hukimbilia kivuli cha mnazi. Minazi ina nazi, na nazi huanguka bila taarifa. Turubai lako ndicho kivuli ulichonacho, nalo lielekee mashariki zaidi kuliko juu.

Rangi pia ni fani. Buluu iliyokolea na kijani cha jeshi hupendeza dukani na hunyonya joto. Rangi ya maziwa au kijivu chepesi huchafuka haraka, lakini ndani yake hukalika. Kwa anayeendelea kaskazini mpaka Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, kuna sababu ya ziada: mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Kulala ndani ya mtego wa mbung'o kwa hiari si busara. Saadani ina tembo na simba vilevile, na kule hema husomwa kwa masharti ya askari wa hifadhi, hasa kwamba chakula kisilale ndani.

Sakafu naipitia haraka. Ile ya plastiki iliyofumwa, ndugu wa turubai, ina kelele lakini ni imara kuliko inavyoonekana. Angalia kama imepanda ukutani kiasi cha upana wa kiganja kabla ya mshono wa kwanza. Ikiwa mshono umekaa chini kabisa, pale pale ardhini, maji yatakuja kulala nawe. Ukitandaza kitu chini yake, kisizidi ukingo wa hema, la sivyo mvua itakusanywa na kuingizwa chini ya mgongo wako.

Fito za faiba hupasuka kwa urefu na kuacha miiba midogo inayowasha kiganjani. Kipande cha bomba la chuma la urefu wa kiganja, kinachoweza kuvishwa juu ya mpasuko, kikae kwenye gari. Vigingi vinavyokuja na hema ni vijiti vya chuma vyenye ndoano, vilivyofikiriwa kwa udongo wa nyasi. Mchanga wa Bagamoyo huvitoa kama unywele kwenye siagi, na chumvi huanza kuvila kutu wiki hiyo hiyo. Jaza mchanga kwenye viroba vya unga, vifunge kamba, uvifukie. Vifukie juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji: ufuo huu ni tambarare, wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yaliyokwenda mbali jioni yanarudi usiku ukiwa umelala.

La mwisho ni mtumba. Mara moja moja hema lenye paa kamili la kushuka mpaka chini, la kampuni ya heshima ya Ulaya, hujitokeza kwenye marobota kwa bei ya lile la kipaa. Kwa umbo linashinda bila ubishi: vitambaa viwili, hewa kati yao, milango miwili. Lakini kabla ya kutoa pesa, lifungue na ulinuse. Utando wa poliyurethani unaozuia maji huharibiwa na unyevu pamoja na joto. Ukianza kufa hunata vidoleni na kutoa harufu kali ya soksi zilizolowa. Hakuna dawa ya kuurudisha kwa bei ya maana. Likinata, liache, hata kama jina lake ni kubwa. Na jipya la Kariakoo litafika huko huko, mapema zaidi, ukilikunja Jumapili jioni likiwa na umande, ukalisahau kwenye buti la gari Mbezi mpaka Krismasi. Jumatatu lining'inize kwenye kamba ya nguo, pande zote mbili, hata majirani wakiuliza mnahamia wapi.